Nilivyofanikiwa kuuona ukungu wa usiku kwa setilaiti

Nimechoka kusikia ushauri uleule wanaopewa watabiri wapya wa hali ya hewa wanaopangiwa vikosi vya helikopta, eti usiku fungua picha ya infraredi, pakiwa peupe kuna wingu, pakiwa peusi hakuna kitu, waambie marubani waruke. Mi nilifundishwa hivyohivyo na ni ushauri wa kuua watu. Infraredi inapima joto, basi, na ukungu uliolala bondeni una joto karibu sawa na la ardhi, kwa hiyo kwenye picha bonde linaonekana safi kabisa huku askari wa kituo cha huko anakwambia kwa redio haoni hata mlingoti wa bendera. Hilo lilitokea kweli. Mkubwa wangu alishasema bonde liko wazi, rotori zinazunguka, na kilichozuia ile safari ni sauti ya yule askari wala si picha.

Nikaanza kuchimba. Meteosat ya kizazi cha pili, setilaiti ya hali ya hewa, iko kilomita kama 36,000 juu ya ikweta, inaleta picha kila dakika 15, ina chaneli 12, kila moja inapima mionzi ya urefu wake wa wimbi, sasa kwa nini tung'ang'anie moja? Usiku chukua chaneli ya mikrometa 10.8, toa ya mikrometa 3.9. Ardhi kavu inatoa karibu namba ileile kwenye zote mbili, lakini vitone vidogo vya maji vya ukungu vinatoa mionzi kidogo kwenye 3.9 kwa hiyo huko ukungu unasomeka baridi zaidi, ukishatoa tu unajitokeza wenyewe. Gharama ni intaneti na kompyuta ya kawaida. Angalizo moja, jangwa la mchanga nalo linadanganya hesabu hii, linatokea kama ukungu, kwa hiyo tunza picha ya usiku mkavu ulinganishe, mchanga hautahama.

Shida ikaja alfajiri. Jua likianza tu kuchungulia mwanga wake unaingia kwenye 3.9 na hesabu yote inavurugika, picha ya kawaida ya mchana nayo bado giza, na hapo ndo kamanda anataka jibu! Hapa ndo pana kitu ninachojivunia mpaka leo. Nilichukua picha ya mwisho nzuri kabla ya mapambazuko nikaiweka juu ya ramani ya kontua, yaani yenye mistari ya mwinuko, nikaona ukingo wa ukungu unafuata mstari wa mita 1,400 karibu bonde zima, unaingia kila kikorongo na kutoka nao. Ukungu unatulia bondeni kama maji kwenye bakuli, kwa hiyo ukishajua ukingo umegusa mwinuko gani umeshajua kimo cha juu cha ukungu bila kupanda hata kilima! Kituo cha mlimani kilikuwa juu ya mita 1,500, kiko wazi. Uwanja wa kutua uko chini ya 1,300, umezama.

Nikasema, "Afande, mlimani wanaweza kwenda sasa hivi, bondeni tusubiri." Akauliza mpaka saa ngapi. Picha ya kwanza ya mchana ilipoingia nikatazama weupe, maana palipo peupe sana ukungu ni mnene na utachelewa, palipofifia jua litaumaliza mapema, na kawaida unaliwa kutoka pembeni kuja katikati. Uwanja wetu ulikuwa karibu na ukingo, upande uliofifia. Nikamwambia saa tatu, na saa tatu haijafika askari wa kule akasema anaona kilima cha ng'ambo. Nilifurahi jamani, siwezi kuficha.

Kwa mabonde membamba pikseli za Meteosat ni kubwa mno, kilomita tatu na zaidi, hapo natafuta setilaiti nyingine, Suomi NPP iliyorushwa 2011, inayoona mawingu hata kwa mbalamwezi kwa pikseli za mita kama 750, ila inapita mara chache tu.

Na jingine linaloniuma, picha nzuri isiyomfikia rubani haina kazi. Aprili 1980 Marekani ilituma helikopta 8 Iran kuokoa mateka, wakakutana na vumbi zito jangwani, moja ikageuza baada ya vyombo vyake kuharibika, nyingine zikapata ubovu mpaka zikabaki 5 nzima, wakaivunja operesheni, halafu katika kuondoka helikopta ikagonga ndege ya C-130 wakafa watu 8. Uchunguzi uliofuata ulieleza kwamba watabiri hawakukutana na marubani ana kwa ana, habari za hali ya hewa zilipitia kwa afisa wa intelijensia. Kwa hiyo mi situmi karatasi. Naenda na ramani yangu, mistari imechorwa, wananiuliza hapohapo.

Na mawingu ya juu yakifunika bonde, hata yale membamba, hesabu ya chaneli mbili haioni chochote chini yake. Usiku kama huo kwenye ramani naandika "bonde halijaonekana", sithubutu kuandika "safi", na rubani namwambia kwa mdomo wangu kabla hajavaa kofia.