Siku andalio langu la somo liliposomwa kutoka nyuma

Lengo niliandika hivi: "Wanafunzi waelewe kujumlisha sehemu zenye asili tofauti." Asili ni namba ya chini ya sehemu; ya juu huitwa kiasi. Nilikuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, wiki ya kwanza, wanafunzi 45, kipindi cha dakika 40. Kengele iligongwa nikiwa ubaoni kwenye mfano wa tatu, na hakuna mwanafunzi aliyekuwa amefanya swali hata moja daftarini.

Mwalimu mlezi alikuwa amekaa dawati la nyuma na andalio langu mkononi. Tulipofika ofisini aliweka kidole kwenye neno "waelewe". "Mwalimu, ukipita katikati ya madawati, utaonaje kwamba ameelewa?" Sikuwa na jibu. Akaniagiza nianze kuandika maswali matano ya mwisho wa kipindi, ndipo nirudi juu kwenye lengo. Likawa: "Ifikapo mwisho wa kipindi, kila mwanafunzi aweze kujumlisha sehemu mbili zenye asili tofauti na kupata angalau maswali 4 kati ya 5." Kujumlisha kunaonekana daftarini, kama kutaja, kuchora au kulinganisha. Kuelewa na kufahamu hakuonekani mpaka mtu atende jambo.

Kisha akafunika safu ya shughuli za mwalimu kwa karatasi, akaniambia nisome ya mwanafunzi peke yake. Kusikiliza. Kusikiliza na kutazama. Kusikiliza na kuuliza maswali. Hapo ndipo nilipoona dakika zangu zilikokwenda.

Kwenye muda nilikuwa nimegawa 5 za utangulizi, 25 za maarifa mapya, 5 za mazoezi na 5 za hitimisho. Jumla ni 40 kamili, na kosa lilikuwa hapo hapo: kufuta ubao, kugawa zana na kusubiri darasa litulie vyote vinakula muda, na mtoto hunakili polepole kuliko mwalimu anavyoandika. Tukapanga upya: 5, 12, 15 na 5, zikabaki 3 ambazo hazikupangiwa kazi.

Lakini kilichobadilisha somo lenyewe ni swali lake la mwisho: "Watakosea wapi?" Andalio langu lilikuwa na majibu sahihi tu. Anayeanza sehemu hujumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili, kwa hiyo 1/2 + 1/3 kwake ni 2/5. Kumwambia "si sahihi" hakumsaidii, kwa sababu njia yake inafanana kabisa na kujumlisha alikokuzoea. Anatakiwa aone kwamba 2/5 ni ndogo kuliko 1/2 aliyoanza nayo.

Ndiyo maana tukachagua zana ya utepe wa karatasi wenye sentimita 12. Nusu ni sentimita 6, theluthi ni 4, jumla 10 kati ya 12, yaani 5/6. Kumi na mbili hugawanyika kwa 2, 3, 4 na 6 bila baki. Ningetumia utepe wa sentimita 10, theluthi ingekataa kupimika kwa rula. Kigawe kidogo cha shirika, yaani namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa asili zote mbili bila baki, kikaja baada ya utepe, si kabla yake.

Kesho yake nilifundisha mkondo wa pili, wanafunzi 43. Mazoezi yalianza dakika ya 19. Kwenye tathmini nilitaka kuandika "somo limeeleweka", nikakumbuka kidole kile. Nikahesabu madaftari na kuandika: "31 wamepata 4 au zaidi. 12 wanabadilisha asili lakini wanaacha kiasi kama kilivyo. 1/2 wanaiandika 1/6, wanapata 2/6." Mwalimu mlezi alisoma, akapiga mstari chini ya 1/6, na pembeni akaandika kwa kalamu nyekundu: utangulizi wa somo lijalo.