"Wewe unajua kuliko waliotengeneza?"

Tumehama Jumamosi, mdogo wangu kaposwa Jumapili, na bado kinachonizunguka kichwani ni kauli moja ya Bosi Mdogo. Ni wa kazini, tunakotunza hifadhidata ya MySQL.

Kikao kilikuwa kinaisha. Akataka kufuli la namba za kujiongeza (zile hifadhidata inazoupa kila mstari mpya yenyewe) litoke hali ya 1 liende 2 iliyolegea, maana kila usiku zile amri za INSERT ... SELECT za kuhamisha miamala zinalishikilia jedwali hadi amri iishe, na watu wa kaunta wanabaki kusubiri. Binlogi ni kumbukumbu ya mabadiliko ambayo seva ya nakala huifuata ili ilingane na seva kuu; yetu ni ya STATEMENT, inayoandika amri zenyewe. Nikauliza, "Na binlogi yetu ya STATEMENT je?" Akacheka. "Dada, MySQL 8 yenyewe inakuja na 2. Wewe unajua kuliko waliotengeneza?"

Wenzangu nao wakacheka. Nikafunga daftari.

Tangu hapo namjibu nikiosha vyombo, namjibu kwenye daladala. Ndiyo kaka, 8.0 ya mwaka 2018 inakuja na 2. Lakini toleo la kabla yake, 5.7, lilikuwa limeshatangulia kuigeuza binlogi kuwa ya ROW, inayoandika kila mstari na namba yake. Hao waliotengeneza walianza na hilo, ndipo wakalegeza kufuli! Faili letu la mipangilio tumeliburuza tangu enzi za 5.6, STATEMENT ikiwa humo humo. Kinachoandikwa ni amri na namba ya kuanzia tu. Seva ya nakala inairudia amri na kujigawia namba mfululizo. Kwenye 1 zinalingana, kwa kuwa seva kuu nayo ilizitoa mfululizo. Kwenye 2, amri mbili zikienda sambamba, mafungu ya namba yanapishana, na nakala haina pa kuusoma mpishano huo.

Juzi nikamwonyesha kijana wetu wa field kwenye mashine ya majaribio. Amri mbili kwa mpigo, hali ya 2, STATEMENT. Nakala ikagoma: kosa 1062, ufunguo umejirudia. Nilitamani kuipiga picha niiweke kwenye grupu la ofisi, tena bila maelezo.

Kijana akatazama, akasema, "Dada, sasa tukiweka ROW, hiyo 2 ina ubaya gani?"

Nikacheka mwenyewe. Haina. Namba zitaruka hapa na pale, lakini hata kwenye 1 muamala ukibatilishwa zinaruka. Foleni ya usiku ipo kweli, inaniudhi hata mimi. ROW kwanza, kisha 2, kisha kuwasha seva upya kwa sababu hali hiyo haibadiliki seva ikiwa hewani. Diski ndiyo ya kuangalia. Amri moja ikigusa mistari mingi, binlogi ya ROW inanenepa. Barua pepe nimeshaandika, ile picha sikuiambatisha. Bado naitamani.

Halafu mwenye nyumba mpya kanipigia jioni: kodi anataka ya miezi sita kwa mkupuo, si mitatu tuliyokubaliana. Baba watoto sijamwambia.