Land Rover Series III: pindo la mlango limekubali

Pindo la chini la mlango wa kushoto hatimaye limefungwa, limepigwa epoksi (rangi ya kwanza ya kukinga metali) na halijachanika. Sehemu nyingine za bodi zilishafika hatua ya pati, yaani uji mzito wa kujazia mabonde kabla ya rangi. Mlango huu ndio uliokuwa umekwamisha kazi ya gari zima.

Wanaozijua Series III wanaujua ugonjwa wenyewe. Bati la nje ni alumini ya Birmabright, fremu ya ndani ni chuma, na bati limepindwa kuzunguka ukingo wa fremu kama pindo la kanga. Maji ya mvua yanatoka kwenye reli za vioo vya kusukuma (zile zinazoota ukijani), yanateremka na kujificha ndani ya pindo. Upepo wa bahari wa Dar unaongeza chumvi, na metali mbili zilizogusana kwenye maji ya chumvi lazima moja iliwe. Inayoliwa ni alumini. Rangi inainuka malengelenge, ukiyapasua unakuta unga mweupe. Aliyepaka gari hili mara ya mwisho alikwangua unga, akajaza pati, akapiga rangi juu. Masika ikipita malengelenge yanarudi palepale, maana chanzo kiko upande wa ndani ambako msasa haufiki.

Kwa hiyo pindo lazima lifunguliwe, na hapo ndipo kazi inapogoma. Birmabright ni aloi (mchanganyiko wa metali) ya alumini na magnesiamu ambayo hukakamaa kila inapokunjwa, na mkunjo wa kiwandani umeshakakamaa tayari. Ukiuinua kwa bisibisi na nyundo unapasuka kwenye mstari wenyewe, na ufa ukianza kwenye kona unatembea.

Dawa ni kulilainisha bati kwa moto, na kipimo cha joto ni sabuni ya mche. Toa rangi na grisi yote. Sugua sabuni kavu juu ya mkunjo, ukanda wa sentimita 2 au 3 tu. Weka matambara mabichi kwenye bati linalopakana na ukanda huo kwa juu, si kwenye ukanda wenyewe, la sivyo joto litapanda na bati pana litavimba mawimbi ambayo hakuna pati itakayoyaficha. Pitisha mwali wa gesi wa wastani, mkono usitulie. Sabuni inakuwa kahawia, kisha inageuka nyeusi: toa moto hapohapo. Alumini haiwi nyekundu kabla ya kuyeyuka, ukingoja ibadilike rangi utabaki na tundu. Ikipoa, inua pindo kidogo kidogo kwa koleo lenye mdomo mpana, urefu wote kwa awamu, usikazanie sehemu moja. Ukihisi inaanza kukataa, rudia sabuni na moto. Kona zinataka moto mwingine kabla ya kufunga.

Ndani, fremu inasuguliwa mpaka chuma cheupe. Kwenye alumini, brashi ya waya ya kawaida ni marufuku: chembe za chuma zinazama kwenye bati laini na kuanzisha ugonjwa uleule upya. Tumia sponji nyekundu ya kusugulia au msasa kavu wa namba 120 hadi 180. Futa mafuta kabla ya msasa na baada yake, kwa kitambaa cheupe, mpaka kitoke safi. Epoksi iende siku hiyohiyo, pande zote mbili. Ikishakauka kabisa, tandika silanti ya poliurithani (gundi ya mpira ya kuziba maji) ndani ya pindo, funga kwa nyundo ya mbao juu ya kipande kizito cha chuma, na uache nafasi kama milimita 1. Ukibana mpaka mwisho unaikamua silanti yote na metali zinarudi kugusana. Matundu ya kutolea maji chini ya mlango yaachwe wazi.

Wakuu, kuhusu kubabua rangi: kostiki soda ni ya chuma tu. Kwenye alumini inachemka, inatoa haidrojeni na kula bati lenyewe. Na zile ribiti (pini za kuunganishia mabati) za bei rahisi, mwili wake ni alumini lakini msumari wa katikati ni chuma, na kichwa cha msumari kinabaki ndani. Ndiyo machozi ya kahawia unayoyaona chini ya ribiti mpya. Hizo sizipigi tena kwenye bodi hii.

Baada ya mlango ilikuwa zamu ya paa. Limeahirishwa, maana kompresa ilikuwa inatema maji kwenye bunduki ya rangi, na kunasa maji hayo kumegeuka mradi mwingine. Chujio dogo linalofungwa kwenye mtungi halisaidii, hewa bado ya moto na maji yake bado ni mvuke. Sasa hewa inapita kwanza kwenye bomba la chuma lililopanda na kushuka ukutani, lenye koki ya kumwagia chini, ndipo ifike kwenye chujio. Bomba la plastiki la maji lisiguswe kwa kazi hii, likipasuka linarusha vipande.

Unyevu wa nje nao una hesabu yake. Hewa ikiwa nyuzi 30 na unyevu asilimia 80, umande unaanza kwenye bati lenye nyuzi 26, na bati linatakiwa kuzidi hapo kwa nyuzi 3. Bati lililolala kivulini asubuhi halifiki, kwa hiyo praima (rangi ya kwanza, kama hiyo epoksi) haipigwi kabla halijapata joto.

Pati inakaa juu ya epoksi iliyokauka na kukwaruzwa, kamwe si juu ya praima ya asidi. Hadina (dawa ya kuigandisha pati) ni asilimia 2, na mchana wa jua kali karibu na 1. Ikizidi itatokeza doa la njano kwenye rangi ya juu. Inasuguliwa kavu. Msasa wa maji kwenye pati tupu unaifanya inywe maji.

Mlango wa kulia umeliwa zaidi, ukingo wote wa chini ni matundu. Huo hautafunguliwa pindo. Unakatwa na kuwekewa ukanda mpya wa aloi ya alumini namba 5251, au 5052 ikikosekana, unene wa milimita 1.2.