Dakika Tatu Juu ya Mkeka

Mwanangu wa pili alikuwa na umri wa miaka mitatu alipoanza kumng'ata mdogo wake, na siku moja nilishtuka kuona mkono wangu umekwisha kuinuka kabla sijafikiri. Sikumpiga, lakini nilijua kwamba nikiendelea hivyo ningempiga, kwa kuwa ndivyo nilivyolelewa. Hapo ndipo nilipoamua kujaribu njia ya kumkalisha mtoto pembeni, juu ya mkeka, kwa muda mfupi, akiwa peke yake, mpaka atulie.

Juma la kwanza nilishindwa kabisa. Nilimkalisha kwa makelele, nikamhutubia wakati wote alipokuwa amekaa, kisha nikamzuia asiinuke mpaka aombe radhi, hata robo saa ikapita huku sote wawili tukilia. Baadaye nilielewa kwamba wataalamu wa watoto hushauri takriban dakika moja kwa kila mwaka wa umri, maneno yawe machache, na njia yenyewe isitumiwe kwa mtoto ambaye bado hajafikisha miaka miwili, kwa sababu hawezi kuunganisha kosa lake na kule kukalishwa.

Hata hivyo, kosa langu kubwa halikuwa la dakika. Mwanasaikolojia wa Marekani Arthur Staats, mmoja wa walioanzisha njia hii, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1960 alikuwa akimweka binti yake kitandani mpaka aache kulia, alikuwa na maana ya kumwondoa mtoto kwa muda katika yale yanayompa raha. Niliposoma hayo nilijiuliza kwa uchungu ni raha gani niliyokuwa nikimwondolea mwanangu, ikiwa nilirudi kazini jioni nimechoka, nikampokea mtoto mchanga, na saa pekee niliyomtazama yeye usoni ilikuwa ile aliyong'ata. Basi nikaanza kumpa nusu saa yake kila jioni, kabla ya kupika, tukicheza au akinisaidia kuchambua mchele, na kung'ata kukapungua hata kabla sijautumia tena mkeka.

Mkeka wenyewe tuliutandika sebuleni, mahali anapotuona. Kumfungia mtoto stoo au chooni gizani, kama wafanyavyo baadhi ya watu, ni kumtisha, na sikubali kuita jambo hilo malezi. Mtoto mwenye njaa, usingizi au homa naye simkalishi, maana anachohitaji ni chakula, kitanda au dawa.

Mama mkwe wangu, tunayeishi naye, hakupendezwa. «Mwanangu, huyu mjukuu wangu kakosa nini hata akae kama mgeni asiyetakiwa?» aliniuliza. Nilimjibu, «Mama, ni dakika tatu tu, na zikiisha naomba wewe ndiye umpokee.» Alikubali, na tangu siku hiyo simu ikilia kuashiria kwamba muda umekwisha, bibi humfungulia mikono bila kulitaja kosa, jambo ambalo mimi mwenyewe bado linanishinda nikiwa na hasira.

Tukiwa ugenini hakuna mkeka. Juzi harusini alimng'ata mtoto wa jirani, nikatoka naye nje hadi chini ya mwembe, nikamshika mkono bila kusema neno, na pumzi zake zilipotulia tukarudi ndani kumpa pole mwenzake.