Mama Aliyekaa Tanda Tatu

Jumamosi ile alifika kabla ya watu wote. Alitoka Chamwino kwa daladala, amevaa kitenge cha zambarau, viatu vyake vya kuchezea amevifunga kwenye khanga. Alishahudhuria mazoezi matano na hii ndiyo ilikuwa milonga yake ya kwanza, yaani kusanyiko la kucheza tango. Akatusalimia mmoja mmoja, akavua kandambili mlangoni kama tufanyavyo wote (vumbi la Dodoma ukiliingiza ukumbini, sakafu inageuka msasa), akakaa kiti cha dirishani.

Tanda ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita. Ya tatu ikapita. Mimi nilikuwa nacheza, nimefumba macho, nimenogewa. Nilipofumbua nikamwona anavifunga tena viatu kwenye khanga yake.

Tanda ni nyimbo tatu au nne za aina moja zinazopigwa mfululizo, na kawaida unazicheza zote na mtu mmoja. Zikiisha kinapigwa kipande kifupi cha muziki mwingine kabisa, kiitwacho kortina, watu warudi vitini na kutafuta wenzi wapya. Kortina yetu ni ilimba, ile ala ya Kigogo ya kupigwa kwa vidole gumba, ya marehemu Hukwe Zawose, mwana wa hapa hapa Dodoma. Kwa hiyo mama yule alikuwa amekaa nyimbo kumi na ushee, na mara tatu ilimba ya kwao ikampitia bila mtu kumtazama.

Huwa naulizwa, "Dada, hii dansi ya Wazungu umeitoa wapi?" Nilijifunza Berlin nilipokuwa masomoni. Lakini si ya Wazungu peke yao. Ilizaliwa Buenos Aires na Montevideo mwishoni mwa karne ya 19, na waliochangia damu yake ni pamoja na Waafrika waliopelekwa kule utumwani na wajukuu zao. Kabla halijawa jina la dansi hii, neno tango lilitumika kule kuitia mikusanyiko ya ngoma ya watu weusi. Mwaka 2009 UNESCO iliiandikisha kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu, kwa ombi la pamoja la Argentina na Uruguay. Mimi najisikia nyumbani ndani yake, wala siombi radhi.

Sasa, kilichomkalisha mama ni desturi ninayoipenda kuliko zote. Inaitwa kabeseo. Kwenye milonga huendi kwa mtu ukamnyooshea mkono. Unamtazama kutoka ulipo. Naye akitaka, anakutazama. Unainamisha kichwa kidogo, naye anaitikia. Ndipo unasimama na kumfuata alipo. Asipotaka, anaangalia kwingine, na hakuna aliyeaibika, maana hakuna aliyesikia kitu.

Dada zangu mnajua kwa nini naipenda. Mmekwenda sherehe kwenye kumbi zetu hizi. MC akitangaza ufunguzi wa muziki, anakuja mwanaume usiyemjua, anakushika mkono, anakuvuta. Ukikataa wewe ndiye mwenye maringo. Shangazi anakukonyeza uende, "usimtie aibu mgeni wa watu." Nimecheza mara nyingi na watu ambao sikutaka hata wanisogelee, kwa sababu kukataa kulikuwa na gharama kubwa kuliko kukubali. Siku ya kwanza nilipoelezwa kwamba iko dansi ambayo mwanamke anaweza kukataa kwa kugeuza macho tu, na kwamba kumlazimisha ndiyo utovu wa adabu, nilikwenda msalani nikalia.

Ndiyo maana niliifundisha kabeseo hapa kama amri. Maneno yangu mwenyewe, niliyoyarudia kila mazoezi: "Ukiona mtu anatazama chini, hataki. Mwache."

Nilimfuata mama nje. Alikuwa amesimama kivulini, anapiga mahesabu ya daladala. Nikamwambia, "Shikamoo mama, mbona mapema?" Akaitikia, akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Mwanangu, mimi nimkodolee macho mwanaume wa watu mpaka anione? Nimelelewa wapi?"

Sikuwa na jibu. Akaendelea, bila hasira: "Kwetu muheme ukilia, unaingia. Hakuna anayekaa kusubiri achaguliwe."

Anajua anachosema. Mama huyu amepiga muheme tangu usichana, ngoma katikati ya mapaja kama wanavyopiga wanawake wa Kigogo, na mdundo anao kuliko sisi wote mle ndani. Macho yake yalikuwa chini kwa sababu ya adabu. Sisi tukayasoma kama kukataa, na aliyetufundisha kuyasoma hivyo ni mimi.

Nami nilikuwa nimewahi kukalia kiti kile. Huko Berlin, kwenye ukumbi mmoja, nilikaa tangu saa tatu usiku hadi saa sita. Nilitazama kila upande, kwa adabu zote, na macho ya watu yakawa yananipita kama wanapita nguzo. Hakuna aliyevunja sheria hata moja. Hilo ndilo lililoniuma: huna wa kumlalamikia, maana kila mmoja anayo haki ya kutokukuchagua, nawe unarudi na treni usijue kama ni uchezaji wako, rangi yako, au ni kwa sababu huna unayefahamiana naye. Niliapa ukumbi wangu hautakuwa hivyo. Kisha nikaujenga hivyo hivyo.

Tulikaa wote kumi na wanne wiki iliyofuata, tukabishana. Wengine walitaka iwe lazima kila mzoefu acheze tanda moja na mgeni. Nilikataa na bado nakataa. Anayekumbatiwa kwa huruma hujua kabla wimbo wa kwanza haujaisha. Na lazima ikianza kwa wema, kesho itamlazimisha binti fulani kukumbatiwa na asiyemtaka, na tutakuwa tumerudi kule kwenye sherehe.

Tulianza na vitu vidogo. Viti vilikuwa vimepangwa ukuta mmoja. Tukavizungusha, kila mtu aonane na kila mtu. Taa tunaziwasha zote, maana kabeseo gizani ni bahati nasibu. Tunaanza saa tisa alasiri na saa kumi na mbili na nusu tumemaliza. Buenos Aires watu hucheza mpaka alfajiri, lakini wa kwetu wa Chamwino na Kikombo lazima wapate usafiri.

Wazo kubwa lilitoka kwa mama mwenyewe. Alisema khanga inajua kusema. Khanga ikiwa begani, niko tayari, nialike. Ikiwa mapajani, napumzika, niacheni. Wanaume nao wakaanza kutumia taulo zao ndogo za jasho vivyo hivyo. Kijana mmoja wa UDOM alilalamika kwamba hiyo si tango halisi, na simpuuzi, kwa sababu anaipenda dansi hii kwa dhati. Lakini kuitikia kwa kichwa kumebaki pale pale. Khanga inamwambia tu mwenzako wapi pa kutazama.

Kumbatio lilitupa kazi zaidi. Kijana wa miaka ishirini na mbili amemwamkia mama wa miaka sitini shikamoo, dakika mbili baadaye amkumbatie kifua kwa kifua na kumwongoza? Wengine waliganda kabisa. Tukakubaliana kwamba umbali wa kumbatio anauamua yule anayetaka umbali mkubwa zaidi, bila kuulizwa sababu. Tuna dada wawili wa Kiislamu ambao hawakumbatii wanaume. Wanacheza wao kwa wao na pamoja nasi wanawake, na mmoja wao ndiye muongozaji mzuri kuliko wote tulionao. Baba mmoja mstaafu aliguna mwanzoni kwamba mwanamke haongozi. Nilimweleza kwamba huko mwanzo wanaume wa Buenos Aires walifanya mazoezi wao kwa wao, mmoja akiongoza na mwingine akifuata, ndivyo walivyoiva. Siku hizi hatusemi "wanaume huku, wanawake kule." Tunasema anayeongoza na anayefuata.

Kuhusu kuzunguka sina mengi. Tunazunguka kinyume cha saa, yaani kinyume na magari kwenye kipilefti, na hakuna kumpita aliye mbele yako. Wala usimfundishe mtu hatua katikati ya milonga. Na neno "asante" usilitamke katikati ya tanda kama bado unataka kuendelea, maana kwenye tango maana yake ni "imetosha." Kwa sisi tunaosema asante kwa kila kitu, hili limeshawatenganisha watu waliokuwa wanafurahia kabisa.

Jumamosi iliyopita mama alikuwa kiti chake kile kile cha dirishani, khanga mapajani. Baba mstaafu akamtazama kwa muda mrefu. Mama akageuza uso, akaangalia mwembe nje. Baba akatazama kwingine, akapata mwenzi mwingine, akacheza. Hakuna aliyegundua isipokuwa mimi.

Ilimba ikalia. Ikafuata tanda ya vals, yaani tango ya mdundo wa waltz. Mama akaitwaa khanga, akaiweka begani taratibu, akainua macho. Wanaume watatu walikuwa wanamwangalia. Akawapita wote, akanitazama mimi, hakupepesa mpaka nilipoinamisha kichwa.

Katikati ya wimbo wa pili aliniambia sikioni, "Polepole, mwanangu. Unakimbilia wapi?"