Orodha ya Vitabu vya Kiangazi, Kibirizi 1995

Siku chache kabla ya shule kufungwa, Juni 1995, mwalimu wetu wa maktaba alibandika karatasi ya manila kwenye mlango wa darasa la mwisho. Juu aliandika kwa wino mwekundu: VITABU VYA KUSOMA KIANGAZI. Nilikuwa darasa la sita, mmoja wa watoto waliomsaidia kupanga vitabu na kujaza daftari la kuazimisha, kwa hiyo niliisoma karatasi ile kabla ya wenzangu.

Ilikuwa na safu tatu. Ya kwanza jina la kitabu, ya pili idadi ya kurasa. Ya tatu ndiyo iliyonishangaza, kwa sababu Mwalimu alionyesha kila kitabu ni cha nani au cha wakati gani. "Cha kumsomea babu." "Cha kusoma na mdogo wako." "Cha kusoma unapolinda dagaa." Na chini kabisa: "Cha kumpa mama asome mwenyewe."

Kwa asiyepajua, Kibirizi ni mwalo wa Ziwa Tanganyika ulio kaskazini kidogo ya mji wa Kigoma, ambapo ndipo maboti ya kwenda upande wa Gombe hupakia watu. Juni huko jua ni kali, mvua imekwisha, na ndiyo miezi mizuri ya kuanika dagaa. Zinamwagwa mchangani asubuhi, na mtoto wa nyumba anakaa pale na fimbo kufukuza kunguru na kuku mpaka wakati wa kuanua. Kazi hiyo haina haraka, ila huwezi kuondoka. Mwalimu aliyaona yale masaa. Wengine walikuwa wakiona watoto wamekaa bure. Yeye aliona mahali pa kusomea.

Kabla hajaja, vitabu vya shule vilifungiwa kabatini ofisini. Tuliambiwa tutavichafua. Jambo lile liliniudhi nikiwa mdogo na linaniudhi mpaka leo, maana vilikuwemo vitabu vipya vya hadithi za Kiswahili, vya aina ile iliyoanza kuonekana baada ya Mradi wa Vitabu vya Watoto kuanzishwa mwaka 1991, na wadudu ndio waliovifungua kabla yetu. Mwalimu alivitoa vyote. Alitufundisha kuvivika jalada la kaki, au gazeti kwa asiye na kaki, na kunawa kwa sabuni kabla ya kushika. Vilirudi vinanuka dagaa vilevile. Aliviweka dirishani vipate hewa, halafu akaandika daftarini: kimesomwa.

Lakini nilitaka kusimulia usiku mmoja.

Mwalimu hakuwa mtu wa ziwani, alitoka Kasulu, kwenye vilima. Ilibidi aulize akina mama wa mwaloni ni lini wanaume wanapatikana nyumbani. Wakamweleza jambo ambalo sisi tulikua tukilijua: dagaa huvuliwa wakati wa giza. Wavuvi wanawasha karabai juu ya maji, dagaa wanaufuata mwanga, nyavu zinafanya kazi yake. Mwezi ukishakuwa mpevu, ziwa zima linang'aa na karabai inakosa nguvu ya kuwakusanya. Basi mitumbwi inapandishwa mchangani, watu wanashona nyavu na kulala makwao. Mwaka ule mwezi mpevu uliangukia katikati ya Juni, shule ikiwa imeshafungwa. Akautangaza usiku huo kuwa wa kusoma: kila familia ije na mkeka wake uwanjani, na wavuvi wawili watuletee karabai.

Watu walikuja wengi kuliko alivyotarajia. Shule haikuwa na umeme. Karabai moja ilitundikwa kwenye tawi la mwembe, nyingine ikawekwa juu ya dawati, na mvuvi mmoja alisimama pembeni yake akiipiga pampu kila mwanga ulipofifia. Akina mama walikuja na kanga za kujifunika, maana Juni upepo wa kusini unavuma ziwani na usiku unaingia baridi.

Mimi nilimsomea babu, kama orodha ilivyosema. Babu alikuwa amebeba mizigo bandarini maisha yake yote, na kitabu changu kilikuwa na sura moja kuhusu meli ya Liemba. Nikasoma kwamba iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikasafirishwa kwa meli mpaka Dar es Salaam, kisha kwa reli mpaka Kigoma ilikounganishwa upya. Nikasoma kwamba mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe isichukuliwe na adui, na kwamba iliibuliwa mwaka 1924. Babu aliniambia nirudi nyuma, kwenye vipande. Alitaka kujua vilikuwa makasha mangapi. Kitabu hakikusema. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Haya mwanangu, endelea," lakini nilijua bado yuko kwenye yale makasha, anayahesabu kwa mabega yake.

Kijana wa darasa la saba akasoma kwamba kina cha Ziwa Tanganyika kinazidi mita 1,400, na kwamba duniani linazidiwa na Ziwa Baikal la Urusi tu. Hapo wavuvi wakainuka kwenye mikeka. Mmoja akauliza, "Nani alipima, na kwa kamba gani?" Mwalimu akajibu kwamba hajui, lakini ataandika swali hilo na kulitafutia kitabu. Akaliandika kweli, mbele yao. Kisha akawageuzia wao swali: kwa nini dagaa wanapanda juu usiku? Baba yangu, ambaye sijawahi kumwona akisema neno katika mkutano wa shule, akasimama. Akaeleza kwamba mchana dagaa wanashuka chini, usiku wanafuata chakula chao, vidudu vidogo ambavyo giza likiingia vinapanda karibu na uso wa maji. Mwalimu alituambia tuandike. Tuliandika maneno ya baba madaftarini kama tulivyoandika ya vitabuni.

Kisha ikaja zamu ya mstari wa mwisho wa orodha, kitabu cha mama.

Mama alijifunza kusoma katika madarasa ya watu wazima ya miaka ya 1970, wakati taifa zima lilipofunga mkanda kufuta ujinga. Alifaulu. Baada ya hapo hakupata cha kusoma. Nyumbani palikuwa na kitabu cha nyimbo za kanisani na kadi zetu za kliniki, basi. Mwalimu alimchagulia kijitabu chembamba cha ufugaji wa kuku chenye herufi kubwa, na hakukichagua kwa kubahatisha. Kila kiangazi kideri kilipita Kibirizi na kumaliza kuku wa watu. Mama alikuwa amebakiwa na jogoo tu.

Alisimama karibu na karabai, kidole chini ya mstari. Alianza kwa sauti ndogo, silabi kwa silabi. Kuku anapinda shingo. Anahara kijani. Ugonjwa hauna tiba, kinga yake ni chanjo. Kuku anayeumwa atengwe, aliyekufa afukiwe au achomwe, asitupwe jalalani. Minong'ono ikakoma, kwa sababu pale hapakuwa na mwanamke ambaye hakuwahi kumkimbiza sokoni kuku aliyeanza kuzubaa, ili apate chochote kabla hajafa, na hivyo ndivyo ugonjwa ulivyohama nyumba kwa nyumba. Kutoka nyuma mtu akapaza sauti: "Rudia hapo, dada!" Mama akarudia. Mara hii hakusoma silabi kwa silabi. Alisoma sentensi nzima, akainua macho, akatutazama, akaendelea na inayofuata.

Mimi nilikuwa nikimwona mama akihesabu sado za dagaa kwa kichwa bila kukosea hata senti, akibishana na wachuuzi wa treni mpaka wanashusha mikono. Sikuwa nimewahi kumsikia akisoma. Nadhani hata baba hakuwahi.

Kijitabu kilikuwa kimoja, na akina mama waliokitaka walimzunguka Mwalimu pande zote. Basi sisi wenye mwandiko mzuri tulipewa kazi ya likizo: kunakili ule ukurasa wa dalili na kinga. Niliunakili mchangani, fimbo ya kunguru magotini, na nakala zangu zilipelekwa mpaka nyumba za juu, karibu na reli.

Desemba, mvua zikiwa zimeshaanza, manila mpya ilibandikwa mlangoni. Nusu nzima ya karatasi ilikuwa ya wazazi. Mama alikuja mwenyewe kuisoma, miguu ina tope, na Mwalimu alipomwonyesha kijitabu kingine cha mifugo, mama akatikisa kichwa. Kuku ameshawaelewa, alisema. Safari hii alitaka hadithi.