Mwiko ni mwiko
Jana mwanangu kaniuliza, "Mama, mbona mwiko unaitwa mwiko?" Nilikuwa nimeushika mkononi, ncha imeungua upande mmoja kwa kusahauliwa kwenye sufuria. Nikacheka, halafu nikakwama. Mwiko wa kupikia, mwiko wa fundi mwashi wa kupigia plasta, na mwiko wa kukatazwa jambo: yote wingi wake miiko! Nikaamua nianze na kijiko. Ukiondoa kij- ya udogo, inabaki -iko ileile ya mwiko. Yaani kijiko ni mwiko mdogo tu. (Sufuria nayo asili yake Kiarabu, sufr, shaba ya njano. Yangu alumini tupu.) Sasa tangu asubuhi anaomba "kimwiko" cha kukorogea chai.